Lipu ya Tumbo

Machimbo ya Nyarugusu, Geita
Jumapili, 3 Machi 1985
Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke nyumbani

Kaka Mabula,

Shikamoo. Wasalimie wote hapo Bukombe, kuanzia Shangazi Limi hadi binti yangu Epifania, ambaye nasikia ameota meno nami sijayaona. Mimi ni mzima upande wa juu. Upande wa chini, yaani tumbo, umenichosha.

Nakuandikia wewe na si mke wangu kwa sababu wewe ndiye mkubwa wetu, na haya si mambo ya kumtia hofu mwanamke anayenyonyesha. Tangu Krismasi nikienda chooni natoa ute, kama ule wa konokono, na siku nyingine una damu. Nikila tumbo linanisokota, nisipokula linanisokota. Suruali niliyokuja nayo sasa naifunga kwa kamba ya katani. Humu duarani, ndivyo tunavyoliita shimo letu la dhahabu, mtu akishuka huwa hapandi mpaka zamu iishe. Mimi napanda kila mara kukimbilia kichakani, na wenzangu wanaimba nikipita. Mwenzangu wa kamba, anayeishika nikishuka, Donatus, Mzinza wa Chato, ananiita Bwana Posta kwa sababu eti kila saa nina kifurushi cha kupeleka.

Nimemeza rangi mbili, vidonge vya kuua vijidudu, mpaka nimechoka. Hapa vidonge vile vinauzwa kwenye ungo kama karanga, na kila mchimbaji anavimeza, akiumwa kichwa, akiumwa mgongo, akiota ndoto mbaya. Mimi kila nilipopata ahueni kidogo nilivimeza tena ili nimalize ugonjwa. Ugonjwa haukwisha.

Alhamisi nitakwenda hospitali mjini Geita. Nakuambia tu ujue. Usiite kikao, usimwambie mtu, usifanye lolote. Nakufahamu.

Ndugu yako,
Otmar

*

Bukombe
20 Machi 1985

Mdogo wangu Otmar,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na siku ileile nimekwenda kwa mfumu, mganga wetu wa kupiga ramli. Usinikasirikie. Baba alipokufa aliniachia nyumba hii na watu wake, hakuniachia mikono ya kukunja.

Mfumu aliuliza swali moja tu: safari ilipoanza, chakula cha mwisho alikipokea mkononi mwa nani? Nikakumbuka, na wewe unakumbuka. Kulikuwa bado giza, wengine wote tumelala, Shangazi Limi akakupikia uji wa mtama peke yake. Tulipoamka tulikuta sufuria imeshaoshwa. Mfumu alitikisa kichwa. Amesema kuku ndiye atakayesema.

Kwa hiyo tafuta kijiti, kiweke mdomoni, kiloweshe mate yako vizuri, ukifunge kwenye karatasi umpe mtu anayekuja huku. Kifaranga kitalishwa mate yako, kitapasuliwa, na matumbo yake yatatuonyesha yaliyomo ndani ya tumbo lako. Hospitali nenda, sikukatazi. Daktari anatibu jeraha, hamjui aliyeshika kisu.

Wewe tangu utoto ni mtu wa kubisha. Safari hii usibishe.

Kaka yako,
Mabula

*

Nyarugusu
Jumanne baada ya Pasaka, 9 Aprili 1985

Kaka,

Nilikuambia usifanye lolote, ukafanya. Haya. Kijiti chako hiki hapa, kimefungwa kwenye karatasi ya sigara, anakuletea dereva wa lori la pamba. Mkate kuku wenu mtulie. Lakini Shangazi Limi mwacheni. Mama alipofariki mimi nilikuwa sijatambaa. Yeye ndiye aliyenilea. Mtu akinipikia uji alfajiri wakati ninyi mnakoroma, kosa ni la aliyepika au la waliokoroma?

Sasa sikiliza aliyoyasema daktari, nami nitayaandika kwa utulivu. Anaitwa Daktari Theonest, kijana Mhaya, anaongea kwa haraka kama anakimbiwa na basi. Walipima choo changu mara mbili, hawakuona amiba wala kichocho. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia: asubuhi chai ya sukari na maandazi, jioni ugali wa sembe nyeupe na dagaa, Jumamosi gongo. Mboga? Nikacheka. Mboga zinatoka wapi kwenye vifusi? Akauliza dawa nilizomeza, nikamtajia rangi mbili, akashika kichwa.

Akanieleza hivi. Utumbo wa binadamu kwa ndani umepakwa ute, kama ukuta unavyopigwa lipu. Ute huo si ugonjwa, ni kinga. Na ndani ya utumbo wanaishi wadudu wadogo sana wasioonekana kwa macho, wanaitwa bakteria, wengi kuliko watu wa dunia nzima. Hata wao si ugonjwa. Kazi yao ni kula yale makapi sisi tusiyoweza kuyayeyusha: pumba za nafaka, nyuzi za majani, maganda ya maharage. Wakishiba wanatulia. Ukiwanyima makapi, wapo wanaogeuka na kuanza kuila ile lipu. Wanaimenya kidogo kidogo, na lipu ikiwa nyembamba wanaufikia ukuta wenyewe, mwili unapigana nao, ndipo unakuja msokoto na damu. Na rangi mbili niliyoimeza ovyo, anasema, iliwaua wapole wengi ikawaachia uwanja wakorofi.

Nikamwambia, daktari, basi nipe dawa ya kuwaua wote. Akasema, "Nikiwaua wote nitakuua na wewe. Walishe." Kaka, nilimtazama. Nimetoka Nyarugusu kwa mguu nikiwa nimekunjana kama kisu cha kukunja, naambiwa nilishe wadudu! Akasema wasomi wenyewe bado wanabishana juu ya jambo hili, lakini yeye kwa wagonjwa aliowaona anaamini hivyo. Amenipa vidonge vya kutuliza uvimbe wa utumbo, akanipiga marufuku rangi mbili na gongo, akaniamuru nile dona, maharage, mlenda na viazi vikavu vya matobolwa. Yaani chakula cha nyumbani kwetu.

Nikamuuliza, wadudu hawa waliniingia lini? Akasema kila mtu huwapata tangu siku za kwanza za uhai wake, kutoka kwa mama na mikono ya wanaomlea. Kwa hiyo hakuna mtu aliyenitupia kitu. Wote tunao, hata wewe unao, hata huyo mfumu.

Wasomee wazee barua hii, waelewe.

Otmar

*

Bukombe
2 Mei 1985

Baba Epifania,

Salaam. Ni mimi Salvina mwenyewe naandika, kwa mkono wangu, elimu ya watu wazima haikupotea bure. Samahani kwa mistari kupanda mlima.

Uliandika ili kuzima moto, kumbe ulikuwa unamimina mafuta ya taa. Shemeji aliisoma barua yako mbele ya wazee wa ukoo. Alipofika pale penye wadudu akanyamaza kwanza, akawatazama wote, akasema, "Mnasikia? Mwenyewe ameandika. Ana wadudu tumboni na wanamla." Wazee wakaguna. Akaendelea kusoma mpaka pale uliposema umewapata utotoni mikononi mwa aliyekulea. Hapo ndipo alipopiga karatasi kwa kiganja. "Nani alimlea?" Wote wakageuka kumwangalia Shangazi. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua choroko. Akasema, "Mimi ndiye nimemlea, nikatae nini?" Basi, eti amekiri.

Nilisimama nikasema barua inasema wote tunao. Shemeji akanijibu, "Kama wote tunao, mbona ni Otmar tu anayekonda?" Wewe ungemjibu nini?

Kuku alikatwa kesho yake. Mfumu alionyesha doa jeusi kwenye utumbo wa kifaranga, akasema huyu mtu amelishwa na dada wa baba yake, na asipoondolewa mlishaji, mgonjwa hatamaliza kipupwe. Tangu siku hiyo watoto wanakatazwa kupokea kitu kwake. Kisimani akifika wanawake wanainua ndoo zao wanaondoka, amebaki kuchota na mimi. Wamempa mpaka mwisho wa mwezi wa sita awe ametoka. Jirani yetu wa upande wa pili anasema eti macho yake mekundu yanajieleza. Macho ya mwanamke aliyepulizia kuni mbichi miaka yote hii yawe na rangi gani, ya maziwa?

Unajua bibi wenzake wenye macho mekundu walivyofanyiwa vijiji vingine. Hawakuishia kufukuzwa. Mimi usiku namfungia mlango kwangu.

Nina hasira na wewe. Kwa nini ulipeleka kijiti? Na nijibu hili pia: Epifania naye anao hao wadudu? Ananyonya kwangu. Nimpe nini?

Mkeo,
Salvina

*

Nyarugusu
Jumapili, 19 Mei 1985

Mama Epifania,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya kifusi, na Donatus aliniuliza kama nimefiwa.

Kwanza mtoto. Ndiyo, anao, na ni wazuri. Daktari amesema maziwa yako yanamlisha yeye na yanawalisha na wao. Usimpe dawa yoyote ya kumsafisha tumbo, hata mtu akikuletea kwa huruma.

Pili kijiti. Kaeni chini wewe na Shangazi kabla hujaendelea kusoma.

Mate yale si yangu. Kaka aliponiandikia nilipandwa na hasira hata sikuweza kula. Donatus alikuwa amelala pembeni anatafuna muwa. Nikamwambia, "Mtani, tema hapa." Akasema, "Kwa nini, unataka kunioa?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akapaliwa, halafu akakitafuna kile kijiti kama mswaki. Kwa hiyo kifaranga kilikula mate ya Donatus, Mzinza wa Chato, mtu mwenye tumbo linaloweza kusaga msumari, ambaye hajaharisha tangu nimfahamu. Na baba yake Donatus alizaliwa peke yake. Hana dada! Sasa mfumu amwonyeshe huyo shangazi aliyemlisha Donatus yuko wapi.

Nilidhani kuku akikatwa atasema upuuzi wowote, nami nitacheka, na mambo yataisha. Sikujua atamtaja yeye. Ningejua nisingecheza.

Tatu, swali la kaka, kwa nini nakonda mimi tu. Mwambie hivi. Fungia mbuzi zizini usiwape majani. Watatafuna maganda ya nguzo mpaka zizi lianguke. Mbuzi walewale ukiwapa majani, nguzo hawazigusi. Je, utasema aliyekupa mbuzi alikupa wachawi? Shangazi alinipa mbuzi wazuri. Mimi ndiye niliyewanyima majani, kwa sembe na maandazi. Wewe na kaka mnakula ugali wa mtama na mlenda, ndiyo maana nguzo zenu zimesimama.

Isome mwenyewe mbele ya wazee. Usimpe kaka aishike. Wala usimpe mtu akusomee, mtu akikusomea anachagua mahali pa kunyamaza.

Damu imepungua. Nilitwanga mahindi mwenyewe kwenye kinu tunachotwangia mawe, nikakisafisha kwanza, lakini Donatus anaapa dona langu lina dhahabu na kila siku ananifuata kichakani na karai. Siku za mwanzo maharage yalinijaza upepo hadi nikamlaani daktari. Sasa nalala. Ila mwili bado, Salvina. Nikivua shati mbavu zinahesabika.

Otmar

*

Bukombe
8 Juni 1985

Otmar,

Sijaandika salamu kwa sababu hukuacha nafasi ya salamu.

Mkeo alisimama mbele ya wazee na barua mkononi kama mwalimu. Alisoma neno kwa neno, hata yale ya kunisema mimi. Watu walicheka pale penye mbuzi. Mzee mmoja alicheka hadi akatoa machozi. Nilikaa pale, mkubwa wa nyumba, nachekwa kwa ajili ya mate ya Mzinza. Umefurahi?

Mfumu amesema kuku hakosei. Aliulizwa kwa mate ya uongo akajibu alivyoulizwa, na aliyemdanganya ndiye mwenye kosa. Wazee nusu wanakubali, nusu wanasema mfumu ameumbuka. Wamebishana hadi wametokwa na povu. Mwisho wamekubaliana jambo moja tu: watauona mwili wako. Ukirudi umenawiri, daktari wako amesema kweli na Shangazi atakaa. Ukirudi umekonda, basi kinachokula kinaendelea kukula, na yeye ataondoka. Tarehe yao haijabadilika, ni mwisho wa mwezi huu.

Unadhani mimi nafurahia? Ni shangazi yangu kabla hajawa wako. Lakini nimewazika baba na mama, na ndugu nimebakiwa na wewe peke yako. Wewe unaniandikia unatoa damu, halafu unataka nikae nikune kichwa. Nikikosea kumfukuza, atalia. Nikikosea kumwacha, nitakuzika. Wewe ungechagua kosa lipi?

Mabula

*

Bukombe
10 Juni 1985

Baba Epifania,

Najua shemeji amekuandikia. Mimi naongeza asiyoyajua.

Shangazi anafunga vyungu vyake kwa majani ya migomba. Nilimuuliza, akasema kuna mpwa wa marehemu mumewe pale Nyahanga, Kahama, atamwomba kona ya kulala. Akasema niandike maneno yake kama anavyoyatamka, nayo ni haya:

"Mwanangu Otmar, usije. Ukija na mbavu hizo watakutazama wewe na kunihukumu mimi. Kaa kwa daktari wako, kula, unenepe, uje mwakani ukiwa na shavu. Mimi ni mzee, naweza kulala popote. Tumbo lako lipone kwanza."

Nimeandika kama alivyosema. Sasa yangu. Njia ya kwenda Kahama ni ndefu, na jina lake limeshatangulia. Hatafika salama mwanamke mzee peke yake mwenye vyungu kichwani, ambaye kila kijiji kinajua kwa nini ametolewa. Wewe ndiwe mwenye tumbo. Amua.

Salvina

*

Nyarugusu
Alhamisi, 20 Juni 1985

Kaka Mabula,

Shikamoo. Naandika salamu kwa sababu nimekuelewa. Ulipouliza ningechagua kosa lipi, nililala na swali hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba unaogopa. Nilidhani unapenda vikao tu.

Nilikwenda Geita jana kumwona Daktari Theonest. Nilimuuliza, "Daktari, unaweza kuninenepesha kwa siku kumi?" Akasema mimi si ng'ombe wa mnada. Akabonyeza tumbo, akapima, akasema linapona vizuri: damu hakuna, lipu inarudi. Lipu ya tumbo, anasema, hurudi upesi kuliko nyama ya mbavu, na huko ndani hakuna mzee wa ukoo atakayechungulia. Nyama itachukua miezi. Alitaka nikae karibu naye mpaka mwezi wa tisa. Nilimweleza kwa nini siwezi. Akanihesabia vidonge vya kunitosha nyumbani.

Duarani nako wanasema mwamba umeanza kung'aa. Ukiondoka wakati huu, nafasi yako inachukuliwa na mwingine. Donatus amenitukana, ameniita mpumbavu wa Kisukuma, kisha akanifungia dona na maharage ya njiani kwenye mfuko wake mwenyewe. Alitaka hata tufuatane aje awaonyeshe wazee tumbo lake. Nimemkataza. Mtakata kuku mwingine.

Sasa kaka, nisikilize. Nimekonda. Sitakuja nimevaa makoti mawili kama nilivyofikiri kwanza, maana mkinivua mtasema nimedanganya tena, na kudanganya kwangu kwa kijiti kumetuletea haya. Nitasimama uani bila shati, wazihesabu mbavu wakitaka. Halafu nitakula mbele yao, chakula chochote kilichopikwa humo ndani, siku hiyo na siku zote zinazofuata, na wanione kama nakimbilia kichakani. Wasitazame mwili siku moja, mwili wa siku moja hausemi kitu. Wautazame mpaka mavuno yajayo. Mpaka hapo hakuna mtu anayetoka. Wewe ndiye mkubwa, neno hilo litoke kwako. Likitoka kwangu watabisha. Likitoka kwako watanung'unika tu na kwenda kulala.

Ukishindwa kulisema, sitagombana nawe. Nitaondoka na Shangazi, na Salvina, na mtoto, jioni ileile, na huyo ndugu mmoja uliyeogopa kumzika utakuwa umempoteza akiwa hai.

Mwambie Shangazi afungue vyungu. Asipokubali, akae juu yake mpaka nifike.

Napanda lori la pamba kesho kutwa mpaka Geita, na kutoka hapo nitadandia chochote kinachokwenda Ushirombo. Barabara ni mbaya, na huenda nikateremka njiani mara mbili tatu, tumbo halijawa la kuaminika kabisa. Lakini Jumamosi ya tarehe 29, sikukuu ya Petro na Paulo, watu wakiwa wametoka kanisani na wote wako nyumbani, nitafika. Kwa miguu ikibidi, na mbavu zangu zote.

Otmar